Mteja Hutangulia Gunia: Kuwatafuta Wafugaji wa Mjini Kasese na Bwera

Askari anayekaribia kumaliza utumishi wake huwaza mengi, na mojawapo ni namna ya kukitumia kiinua mgongo chake kisimponyoke mkononi. Wengi hufikiria kufuga. Wachache hufikiria kuwauzia chakula wale wanaofuga, kwa maana kuku hufa na nguruwe huugua, lakini maadamu mji una mifugo, kila kukicha mifugo hiyo itataka kula. Wazo hilo ni jema. Hata hivyo laweza kumpotezea mtu mali yake yote katika muda wa miezi miwili, ikiwa atanunua shehena ya pumba na mashudu kwanza, kisha ndipo aanze kuuliza ni nani atakayeinunua. Chakula cha mifugo si bati wala si misumari. Hupata joto, huota ukungu, huliwa na panya na wadudu, na mwisho hutupwa.

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi mteja anavyotafutwa kabla ya gunia, kwa kuangalia miji miwili ya magharibi ya Uganda ambako askari na polisi wengi wamepata kutumikia, yaani Kasese na Bwera.

MIJI MIWILI, BARABARA MOJA

Kasese ni mji uliokuzwa na shaba. Reli kutoka Kampala iliufikia mwaka 1956 ili kuchukua shaba ya Kilembe. Machimbo hayo yalisimama mwaka 1982, na treni haifiki tena Kasese, kwa hiyo mzigo wote mzito hupita juu ya magurudumu ya lori. Lakini mji haukufa pamoja na machimbo. Saruji ya Hima, pamba na mahindi ya uwanda, samaki wa Ziwa George na Ziwa Edward, chumvi ya Katwe, pamoja na wageni wanaokuja kuutazama mlima Ruwenzori na wanyama wa mbuga, vimeendelea kuwavuta watu. Sensa ya mwaka 2014 iliukuta mji una wakazi wapatao laki moja.

Bwera iko upande wa kusini-magharibi, mwendo wa zaidi ya kilomita 50 kwa kupitia Kikorongo. Iko karibu na Mpondwe, penye kituo cha mpakani. Ukivuka mto Lhubiriha unaingia Kasindi, nchi ya Kongo. Kwa sababu ya hospitali yake, masoko yake na wasafiri wa mpakani, Bwera na Mpondwe zina watu wengi wanaonunua mayai, nyama na maziwa bila ya kuwa na shamba. Palipo na walaji wa namna hiyo hapakosi wafugaji wa nyuma ya nyumba.

Jambo hili si geni katika Afrika Mashariki. Mjini Kampala, katika miaka ya mwanzo ya 1990, uchunguzi ulionyesha kwamba yapata theluthi moja ya nyumba zilikuwa zikilima au kufuga ndani ya mji. Mjini Dar es Salaam, mishahara ilipokosa nguvu katika miaka ya 1980, hata watumishi wa serikali walijenga mabanda ya kuku na ng'ombe uani, hata ikabidi kanuni za mwaka 1992 zimruhusu mkazi wa mji kuwa na ng'ombe wasiozidi wanne, tena wa kufungiwa ndani. Mfugaji wa mjini basi si mtu wa kubahatisha. Ni mtu wa miaka mingi, ila hupenda kukaa kimya nyuma ya ukuta wake, akiogopa jirani atakayelalamika harufu na karani wa mji atakayemwuliza kibali.

YUPI NI MTEJA, YUPI SIYE

Mgeni akifika wilaya ya Kasese ataona makundi ya ng'ombe wenye pembe ndefu, mali ya Wasongora, wakila nyasi za uwanda ulio kando ya mbuga ya Queen Elizabeth. Atadhani amekwisha kupata wateja wake. La hasha! Mwenye ng'ombe mia wanaokula nyasi za Mungu hahitaji gunia la mtu, isipokuwa pengine wakati wa ukame mkali. Lakini mama mmoja mjini, mwenye kuku mia mbili wa mayai ndani ya banda, hawezi kulala siku mbili bila ya kununua chakula, kwa sababu kuku wake hawana pengine pa kula. Kwa hiyo, mwuzaji asihesabu wingi wa mifugo. Ahesabu mifugo iliyofungiwa.

Wafugaji wa namna hiyo ni wa aina nne. Wa kwanza ni wenye kuku wa mayai, nao ndio bora kupita wote, kwani hununua wiki hadi wiki mwaka mzima. Wa pili ni wenye kuku wa nyama, ambao hununua kwa nguvu kwa muda wa wiki sita hivi, kisha hunyamaza mpaka waingize vifaranga wengine. Wa tatu ni wenye nguruwe. Hapa ni lazima kuujua mji, kwa kuwa Waislamu na Waadventista wa Sabato hawali nguruwe, na si vyema kupiga hodi katika nyumba yao ukiuliza habari za mnyama huyo. Wa nne ni wenye ng'ombe mmoja au wawili wa maziwa, wanaowakatia majani na kuwaongezea pumba na mashudu wakati wa kukama.

Ziko pia shule na mashamba ya taasisi. Hizi hununua kwa wingi, lakini mara nyingi hulipa kwa kuchelewa. Mtu mwenye mtaji mdogo asizifanye kuwa nguzo ya nyumba yake.

UPELELEZI KABLA YA KUSONGA MBELE

Askari hafundishwi kulishambulia boma asilolipeleleza. Polisi naye hajui mtaa kwa kusimuliwa. Huujua kwa kupiga doria na kuandika katika daftari. Maarifa hayo hayo ndiyo yanayotakiwa hapa, tena bila ya bunduki wala sare. Mwuzaji achukue wiki mbili, mtaa baada ya mtaa, akitembea kwa miguu asubuhi na jioni.

Dalili hazifichiki kwa mwenye macho. Jogoo wakiwika ni kuku wa kienyeji, lakini mlio wa mitetea wengi kwa pamoja baada ya kutaga ni banda la mayai. Trei za mayai zilizopangwa juu ya baiskeli au bodaboda zinatoka mahali fulani. Mfuate mchukuzi umwulize kwa adabu. Magunia ya mbolea yaliyoegemezwa ukutani, yakingoja wenye migomba na kahawa kuja kuyanunua, ni ushahidi mwingine. Ushahidi mkubwa zaidi ni makapi ya kahawa. Katika milima iliyo juu ya Bwera watu hulima kahawa, na makapi yake hutandikwa chini katika mabanda ya kuku. Simama penye mashine ya kukoboa kahawa, utazame ni nani wa mjini anayekuja kubeba makapi. Huyo ana banda, hata kama hukuliona.

Wako watu watatu ambao, ukipatana nao vizuri, watakupunguzia nusu ya safari. Wa kwanza ni mwuza vifaranga. Yeye anajua ni nani aliyechukua vifaranga, wangapi, na tarehe gani. Tarehe hiyo ni hazina. Kifaranga wa mayai hula chakula cha vifaranga kwa muda wa wiki nane hivi, kisha chakula cha kukuzia, na atakapofika wiki ya 18 hadi ya 20 huanza kutaga na kuhitaji chakula cha mayai chenye chokaa ya kutosha. Anayejua siku ya kuingia kwa kifaranga anajua na siku ambayo mwenyewe atahitaji gunia jipya, naye anaweza kufika siku mbili kabla. Wa pili ni daktari wa mifugo, au mwenye duka la dawa za mifugo, ambaye huwachanja kuku dhidi ya mdondo. Wa tatu ni mwenyekiti wa LC 1, ambaye anaijua kila nyumba ya kijiji chake. Tena ni heshima kuanza kwake, ili usidhaniwe kuwa mpelelezi wa kodi.

Ukiingia kwa mfugaji, usianze kwa kuuza. Msalimu, mwombe radhi kwa usumbufu, umwulize mambo matano: ana mifugo wangapi, wanakula nini, anakipata wapi, hukosa chakula wakati gani, na humlipa mwuzaji kwa njia ipi. Andika yote. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

HESABU YA VINYWA

Baada ya wiki mbili, daftari lageuzwe kuwa kilo. Kuku mmoja wa mayai hula gramu 120 hivi kwa siku. Nguruwe anayekua hula kama kilo mbili. Ng'ombe wa maziwa, mbali na majani yake, aweza kupewa kilo moja ya chakula cha ziada kwa kila lita mbili au tatu anazokamwa. Tuseme kilo nne kwa siku.

Tuchukue mfano. Mwuzaji amepata nyumba 12 za kuku wa mayai, kila moja ikiwa na kuku 100. Hao ni kuku 1,200, nao hula kilo 144 kwa siku, yaani kilo 1,008 kwa wiki. Amepata pia nyumba tano zenye nguruwe wanne wanne. Hao 20 hula kilo 280 kwa wiki. Mwisho amepata nyumba tatu zenye ng'ombe wawili wawili. Hao sita hula kilo 168. Jumla ni kilo 1,456 kwa wiki.

Hapo ndipo wengi hufurahi na kukimbilia lori. Ngoja kwanza! Wafugaji hao walikuwa wakila mahali kabla yako. Wengine wana mkataba na ndugu zao, wengine wanadaiwa na duka lao na hawawezi kuliacha. Katika miezi ya mwanzo ni busara kutegemea theluthi moja tu, yaani kilo 485 hivi kwa wiki. Kwa wiki nne ni kama tani mbili. Basi ukileta lori la tani nne, umeleta chakula cha miezi miwili katika mji ulio bondeni, wenye joto kali, ambamo pumba zenye mafuta ndani yake huanza kunuka mapema. Ukileta tani mbili, au ukigawana lori na mfanyabiashara mwingine, umeleta chakula kitakachokwisha kikiwa bado kizuri. Tofauti ya mali na hasara iko katika mstari huo mmoja wa daftari.

Kununua kwa jumla kuna faida kwa mfugaji pia. Mwenye kuku hamsini hununua kilo kumi kumi kwa bei ya rejareja, na nauli ya bodaboda kila mara. Lakini wafugaji watano wa mtaa mmoja wakiunganisha haja zao, watachukua magunia kwa siku moja, kwa bei ya jumla na kwa nauli moja. Ni kazi ya mwuzaji kuwaunganisha, kwa maana yeye pekee ndiye mwenye daftari lenye majina yao wote. Haba na haba hujaza kibaba.

MALI YENYEWE

Wilaya ya Kasese haina njaa ya malighafi. Katika mradi wa umwagiliaji wa Mubuku hulimwa mahindi, na mashine za kusaga hutoa pumba. Pamba ya uwanda, ambayo Chama Kikuu cha Ushirika cha Nyakatonzi kimeishughulikia kwa miaka mingi, huacha mbegu, na mbegu zikikamuliwa mafuta huacha mashudu. Dagaa waitwao mukene huletwa kutoka maziwa ya mbali, hasa Ziwa Victoria na Kyoga.

Lakini kila kimoja kina hila yake. Mashudu ya pamba ni mazuri kwa ng'ombe mzima, ila yana sumu ya asili inayoweza kumdhuru nguruwe na kuku na kuharibu rangi ya kiini cha yai. Asiuziwe mwenye kuku kama kwamba ni chakula cha wote. Dagaa waliokaushwa juu ya mchanga hubeba mchanga. Watie kiasi kidogo katika bilauri ya maji, ukoroge, nawe utauona mchanga ukitua chini. Pumba nazo huchanganywa na magunzi yaliyosagwa, na gunia moja laweza kuwa zito au jepesi kuliko jingine ingawa yanafanana kwa sura. Kwa hiyo nunua kwa mizani na uuze kwa mizani, mbele ya macho ya mteja.

Adui mkubwa kuliko wote ni ukungu. Mwaka 1960, batamzinga zaidi ya laki moja walikufa nchini Uingereza baada ya kula mashudu ya karanga yenye ukungu yaliyotoka Brazili, na kutokana na msiba huo wataalamu wakaigundua sumu iitwayo aflatoksini. Mwaka 2004, mashariki ya Kenya, mahindi yenye sumu hiyo hiyo yaliua watu 125. Sumu hiyo haiondoki kwa kupikwa, na ng'ombe akiila hupita katika maziwa yanayonywewa na watoto. Mahindi yenye unyevu unaozidi asilimia 13 au 14 yasiingizwe ghalani. Magunia yasilale juu ya sakafu wala yasiegemee ukuta. Yapangwe juu ya mbao, upepo upite. Gunia lililoota ukungu lichomwe moto, wala lisichanganywe na jema ili kuificha hasara.

Ghala nalo lichaguliwe mahali pake. Mto Nyamwamba ulifurika na kuipiga Kilembe na Kasese mwezi Mei 2013, na mwezi Mei 2020 mito ya wilaya, Lhubiriha ya mpakani ikiwa mmoja wao, ilifurika tena na kubomoa nyumba na madaraja. Pango rahisi kando ya mto si rahisi hata kidogo.

DENI, MPAKA, NA SARE

Mteja wa mayai hupata fedha kila wiki. Akikopa, alipe ndani ya wiki. Mteja wa kuku wa nyama hatapata senti mpaka siku ya kuwauza, naye atakuomba umngoje wiki sita. Ukiwangojea watu kumi wa namna hiyo, kiinua mgongo chako chote kimo ndani ya matumbo ya kuku wasio wako, na maradhi yakiingia bandani mtalia nyote wawili. Afadhali wateja wachache wanaolipa kuliko wengi wanaoahidi.

Kwa walioko Bwera, soko la ng'ambo lina utamu wake. Hata hivyo, mwezi Machi 2020 mpaka ulipofungwa kwa wasafiri kwa sababu ya ugonjwa wa korona, wafanyabiashara wadogo waliotegemea wateja wa Kasindi peke yao walibaki mikono mitupu. Mteja wa ng'ambo na awe nyongeza. Nguzo iwe ni yule wa mtaani ambaye waweza kumfikia kwa miguu.

Tena, mwuzaji asije akawa mchukuzi wa maradhi. Homa ya nguruwe ya Kiafrika haina tiba, nayo husafiri katika viatu, magurudumu na magunia. Anayetoka banda moja na kuingia jingine, akikusanya magunia matupu ili ayatumie tena, aweza kuwaua nguruwe wa mtaa mzima katika wiki moja na kuwapoteza wateja wake wote. Shusha mzigo mlangoni, usiingie bandani, na gunia lililokwisha kuingia kwa mfugaji libaki huko huko.

Lipo neno la mwisho linalowahusu hasa wenye kuvaa sare. Aliye bado kazini aulize kwanza kwa mkuu wake amri za idara zinaruhusu nini, na kazi ya kila siku iwe mikononi mwa mkewe au nduguze. Wala asimwendee mfugaji akiwa na sare. Raia aliyenunua gunia kwa kumwogopa koplo si mteja. Siku koplo atakapohamishwa, naye atahama. Tangu mwaka 2013 serikali ilipowapa maafisa wa jeshi jukumu la kuwafikishia wakulima mbegu na mifugo katika mpango wa Operation Wealth Creation, wananchi wengi wamezoea kumwona mwanajeshi katika mambo ya shamba. Mazoea hayo ni amana. Yalindwe kwa mizani iliyo sawa na bei iliyo wazi.

Askari hatakiwi kuwa tajiri wa kwanza mjini. Anatakiwa tu, atakapoivua sare, awe na kazi inayomlisha pamoja na watoto wake bila ya kumnyenyekea mtu. Miaka yote ya doria imemfundisha kutazama, kuuliza, kuhesabu na kuandika, na hayo ndiyo mtaji wake wa kwanza, kabla hata ya kiinua mgongo. Basi anayekusudia kazi hii aanze wiki hii kwa kununua daftari na kalamu, autembee mtaa mmoja, na aandike majina ishirini. Lori litangoja.